Arobaini ya mzazi aliyejifungua kwa upasuaji

Mwanamke wa Tanga aliyejifungua kwa upasuaji anarudi nyumbani akiwa na hali mbili kwa wakati mmoja: ni mzazi kama wazazi wengine, na ni mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo. Nyumba nyingi humpokea kwa ile hali ya kwanza tu. Maji ya kumkanda yameshachemka kabla bajaji haijafika mlangoni, uji wa pilipili manga uko jikoni, na bibi mwenye kazi yake amekwisha kuitwa kutoka Mabokweni. Hayo yote ni mapenzi, na sehemu kubwa ya mapenzi hayo ni dawa kweli, kwa kuwa siku arobaini za kulishwa, kufuliwa na kutotumwa sokoni ndizo hasa zinazohitajiwa na mwili uliopasuliwa. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ndani ya utunzaji huo mwema yamo mambo machache yanayomdhuru mwenye mshono, na kwa sababu mimi mwenyewe, nilipojifungua kwa njia hii, nilikubali mojawapo kwa kuona haya kumkatalia mtu mzima.

Kilichokatwa ni kipi

Daktari hukata ngozi, mafuta yaliyo chini yake, utando mgumu unaoishikilia misuli ya tumbo, ngozi nyembamba ya ndani, na mwisho ukuta wa mfuko wa uzazi. Misuli yenyewe kwa kawaida haikatwi, bali husogezwa kando. Ngozi ya juu hushikana mapema, ndani ya siku mbili hivi, lakini ule utando mgumu huchukua miezi kurudi katika nguvu zake. Ndiyo maana mzazi hujitazama wiki ya tatu, akauona mstari mkavu usiouma, akaamini amepona na kunyanyua ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kamili. Kwa wiki sita za mwanzo usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako. Watu wa nyumbani nao waelezwe hivyo, maana si rahisi mzazi kukaa akitazama pipa tupu ilhali hakuna aliyeambiwa kwamba maji si kazi yake.

Siku za wodini

Ganzi ya mgongoni ikiisha, miguu hurudi na maumivu hufuata. Omba dawa kabla maumivu hayajapanda, kisha uzimeze kwa saa zake kama ulivyoandikiwa, usisubiri mpaka ushindwe kugeuka. Mzazi asiyeumia kupita kiasi huvuta pumzi ndefu, hukohoa vizuri, hutembea na hunyonyesha. Vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24, na ukiwa umeandikiwa diklofenaki au ibuprofeni, umeze ukiwa umekula, wala usijiongezee nyingine kutoka duka la dawa.

Mpira wa mkojo kwa kawaida hutolewa siku inayofuata, na ndani ya saa 24 za kwanza utatakiwa kusimama na kutembea. Wengi huogopa kwamba mshono utaachia. Hauachii kwa kutembea taratibu. Kulala siku nzima bila kusogea ndiko kwenye hatari, kwa sababu damu hutuama miguuni na kuweza kuganda. Namna ya kuinuka ndiyo inayopaswa kubadilika. Usijikunje kutoka chali ukakaa moja kwa moja. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, mabega na nyonga zikienda sawa, shusha miguu ukingoni mwa kitanda, kisha sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu mpaka ukae. Kaa hivyo dakika moja kizunguzungu kipite, na usimame pakiwa na mtu wa kukushika. Kurudi kitandani ni njia hiyohiyo kinyumenyume.

Kanga moja uliyokwenda nayo hospitali ikunje mara nne iwe kama mto mdogo mgumu, uiweke karibu na mkono wako siku zote. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, ikandamize juu ya mshono kwa viganja vyote viwili. Tofauti utaisikia mara ya kwanza tu.

Kabla hujaruhusiwa, uliza mambo matatu na uyaandike: nyuzi za ngozi zitayeyuka zenyewe au zitatolewa siku gani, dawa zipi unaendelea nazo kwa muda gani, na mfuko wa uzazi umekatwa mlalo au wima. Hilo la mwisho haliwezi kusomwa kwenye kovu la nje, kwa kuwa ngozi inaweza kukatwa kwa mlalo na mfuko wa ndani ukakatwa kwa wima, au kinyume chake. Nitalirudia mwishoni.

Safari na nyumba

Kutoka hospitali ya Bombo hadi Pongwe si mbali kwa mtu mzima wa afya, lakini kila tuta la barabarani litaingia kwenye mshono wako. Pikipiki usipande. Panda gari au bajaji, ukae umeegemea nyuma, kanga iliyokunjwa iwe mbele ya tumbo, na dereva aambiwe mapema apunguze mwendo kwenye matuta.

Nyumbani, mkeka ni mzuri kwa wageni, lakini wewe kaa na ulale kitandani kwa wiki mbili za mwanzo, kwa sababu kunyanyuka kutoka sakafuni kunavuta palepale palipokatwa. Kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi anaweza kutoboa kiti cha plastiki kikawekwa juu ya tundu. Ni kazi ya muda mfupi, nayo humwokoa mzazi anayejizuia haja mpaka kinyesi kikawa kigumu. Jiko la chini na mbuzi ya nazi viachie wengine. Kukaa umejikunja juu ya mbuzi, magoti yamepanuka, huku mkono unasukuma kifuu kwa nguvu, ni kazi ya tumbo zaidi kuliko ya mkono, hata kama hatuihesabu kuwa kazi.

Kukandwa

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Mzazi wa kawaida hukandwa tumbo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, ili, kama wazee wanavyosema, damu chafu itoke na tumbo lirudi. Kwa aliyepasuliwa jambo hili lisifanywe kabisa. Joto kali hulainisha na kuunguza ngozi ambayo bado ganzi yake haijaisha vizuri, kwani sehemu iliyo jirani na mshono huweza kukaa miezi bila hisia kamili na hutajua kama unaungua. Maji hulowesha kidonda. Na mkono unaokandamiza huvuta nyuzi zilizo ndani. Mimi nilikandwa siku ya sita. Siku ya nane kona moja ya mshono iliachia, ikaanza kutoa majimaji, na nikaenda kusafishwa kidonda kila siku kwa wiki tatu, mtoto akiwa mgongoni kwa mama yangu. Bibi aliyenikanda alilia kuliko mimi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya alichofanyiwa na alichowafanyia wengi, na hakuna aliyemweleza kwamba tumbo langu lilikuwa na nyuzi.

Ile damu hutoka yenyewe. Mfuko wa uzazi hujikaza kidogo kidogo kwa wiki sita mpaka urudi karibu na ukubwa wake wa zamani, na kinachousaidia sana ni kunyonyesha, kwa sababu mtoto anapovuta titi mwili hutoa homoni ya oksitosini inayoukaza mfuko. Yale maumivu ya kubana unayoyasikia wakati wa kunyonyesha ndiyo kazi hiyo inayofanyika.

Bibi asifukuzwe wala asikatwe kauli mbele ya watu. Mpokee kwa heshima yake, umwambie: "Shikamoo bibi. Mimi nimepasuliwa, tumbo lina nyuzi mpaka ndani, daktari amekataza lisiguswe. Nakuomba unikande mabega na mgongo." Maji ya vuguvugu mgongoni kwa mzazi anayenyonyesha usiku kucha ni raha ya kweli. Miguu nayo inaweza kukandwa kwa wepesi ikiwa yote miwili iko sawa; lakini mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye nyama ya nyuma au ukawa wa moto kuliko mwenzake, usiguswe na mtu, bali uende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani yake na kusugua kunaweza kuisukuma hadi mapafuni.

Kufunga tumbo ni suala jingine. Kanga iliyofungwa kwa wepesi, ikishikilia bila kubana, huwasaidia wengi kutembea. Kanga iliyokazwa mpaka pumzi inakuwa fupi hufungia jasho kwenye kidonda na haiufanyi mwili upone mapema. Ifunge mchana tu, juu ya nguo safi, na uifungue ukilala.

Kidonda na jasho

Bandeji ikishatolewa kwa idhini ya mhudumu, oga kila siku. Acha maji safi na povu la sabuni ya kawaida vipite juu ya mshono bila kusugua, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi kilichopigwa pasi. Usipake chochote: si majivu, si mafuta ya nazi, si dawa ya meno, si unga wa kidonge. Katika joto la kaskazi, tumbo ambalo bado limelegea hukunjika juu ya mshono na kuufunika, na jasho hukaa humo. Lala chali mara mbili kwa siku, liinue tumbo kwa kiganja kisafi, uache hewa au feni ipite kwa dakika kumi. Vaa chupi pana ya pamba inayofika juu ya mshono, isiyo na lastiki inayoulalia.

Chakula, maziwa na ibada

Uji wa pilipili manga unywe, hauna ubaya, ila pilipili ipunguzwe ikiwa tumbo linajaa gesi. Supu ya changu, maharage, mayai, maini, mchicha na kisamvu hujenga damu na nyama. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa maji au juisi ya machungwa ya Muheza, na si kwa chai, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Ikae walau saa moja mbali na vidonge na chakula. Papai na maji mengi hulainisha choo.

Maziwa huweza kuchelewa siku moja au mbili kuliko kwa aliyejifungua kawaida. Asipewe mtoto maji ya sukari. Dang'a ile ya manjano, hata ikiwa kidogo, inamtosha, na kadiri anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyoitwa. Mlaze pembeni mwako, miguu yake ikipita chini ya kwapa lako kuelekea nyuma, au nyonyesha ukiwa umelala ubavu, ili asikanyage mshono.

Damu ya nifasi hupungua polepole na kwa wengi huisha ndani ya wiki nne hadi sita. Ikikatika mapema, ukawa umeoga josho na unataka kuswali huku kuinama bado kunauma, swali ukiwa umekaa kitini. Dini imempa mgonjwa nafasi hiyo.

Na moyo nao uangaliwe. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au usingizi ukapotea hata mtoto akiwa amelala, mweleze muuguzi wa kliniki. Asikwambie mtu kwamba hukuzaa. Umezaa, na umezaa kwa kukatwa.

Usisubiri asubuhi

Nenda hospitali mara moja, hata iwe saa nane za usiku, ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi. Mshono ukitoa usaha, ukinuka, ukiwa mwekundu na wa moto au ukiachia. Ukikosa pumzi au kifua kikiuma. Mkojo ukigoma au ukivuja wenyewe bila kukoma. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona giza au nyota kinaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, ambacho huweza kutokea hata baada ya kujifungua. Namba ya dereva anayekubali kuja usiku iandikwe ukutani tangu siku ya kwanza.

Kliniki uhudhurie kwa tarehe ulizopewa hata kama hujisikii vibaya, ya wiki ya sita ikiwemo. Tendo la ndoa lisubiri mpaka wakati huo, na njia ya uzazi wa mpango izungumzwe kabla yake, mume akiwepo, kwa kuwa inashauriwa ipite angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Mimba hiyo ikija, kujifungua ni hospitalini penye chumba cha upasuaji. Wengi waliokatwa mlalo huweza kujifungua kawaida chini ya uangalizi, lakini aliyekatwa wima sehemu ya juu ya mfuko hapaswi kusubiri uchungu, kwani kovu linaweza kupasuka. Mkunga wa wakati huo hatalijua hilo kwa kukutazama, kwa hiyo ile karatasi uliyoandika majibu kabla ya kuruhusiwa iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na mwoneshe mama yako au mumeo mahali ilipo.