Kutu ya magari ya pwani huanzia chini

Kama gari lako linalala Mombasa, Tanga, Dar au Unguja, ukiliosha usiishie kwenye bodi inayong'aa. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na tope lililoganda ndani ya madigadi, hushika unyevu na kula bati. Elekeza mpira wa maji huko na uvunguni, hasa ukitoka ufukweni.

Kisha inama, tazama ukingo wa chini wa kila mlango. Kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na mchanga, maji hutuama na mlango huanza kuoza ndani kabla rangi ya nje haijaonyesha chochote! Vizibue taratibu kwa kijiti cha mti, si bisibisi. Sabuni ya unga iache kwa nguo. Huondoa nta inayolinda rangi.