SOMO: Usiku wa darubini mtaani bila kumwacha mtu nje

Nimeandika hii hapa kwa sababu kila mara kuna mtu ananiuliza inboksi "tunataka watoto waone mwezi na kati yao kuna viziwi na wasioona, tufanye aje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hivyo someni hapa kwanza halafu muulize. Msimamo wangu ni mmoja. Ukipanga kila kitu halafu siku ya mwisho ndio unakumbuka kiziwi, umemwalika aje aangalie wengine wakifurahia. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na Braille, hii si hisani tunamfanyia mtu.

HATUA YA 1. Ongea na wenyewe kabla ya kupanga chochote. Wenyewe, si msemaji wao.

HATUA YA 2. Mahali. Karibu na steji ya matatu, pawe na taa njiani mpaka karibu na uwanja, choo ambacho kiti cha magurudumu kinaingia. Kama kuna ngazi, hesabu ya rampu ni hii: kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, yaani ngazi ya sentimita 15 inataka ubao wa mita 1.8. Kaubao kafupi kameegeshwa hapo katamwangusha mtu.

HATUA YA 3. Tangazo. Mkiweka namba ya kupiga peke yake mmemfungia kiziwi mlango, andikeni pia "tuma meseji". Tumeni na voisi noti kwa wale hawasomi ama hawaoni. Maandishi mekundu juu ya kijani achaneni nayo, kuna wanaume wengi hawatofautishi hizo rangi. Na video nzito hapana, watu wanahesabu bando.

HATUA YA 4. Darubini. Usichague mwezi mpevu, unaonekana bapa. Chagua siku ukiwa nusu, hapo vivuli vinatoa mashimo na milima vizuri sana. Lenzi ya kutazamia ifike jicho la mtu aliyekaa. Yale madarubini ya bomba refu lenzi yake hupanda juu sana, hapo fungeni simu kwa lenzi na adapta muone kwa skrini, lakini mwenye kiti cha magurudumu apewe pia nafasi ya kuweka jicho lake mwenyewe kwa darubini fupi. Kuona kwa skrini na kuona kwa jicho si kitu kimoja, na wenzake wote wameona kwa jicho.

HATUA YA 5. Mkalimani wa lugha ya ishara. HAPA NDIPO WATU WANAHARIBU, tena wakiwa na nia nzuri kabisa. Mkalimani ameitwa, amefika, halafu mnazima taa zote kwa sababu darubini inataka giza. Sasa kiziwi ataona nini? Mikono haionekani, na uso pia hauonekani, wakati kwa ishara uso ndio unaonyesha kama hilo ni swali ama ni habari. Kuwasha taa nyeupe si dawa, macho yanachukua kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza na mwangaza wa simu moja tu unarudisha kila mtu mwanzo. Kinachofanya kazi ni taa nyekundu hafifu: tochi mbili, mzifunge nailoni nyekundu, zimulike mkalimani kutoka mbele kwa pembeni zishike mikono na uso, na yeye avae nguo ya rangi moja inayoachana na ngozi yake. Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii kabisa, mtu hawezi kuweka jicho kwa lenzi na wakati huo huo aangalie mkalimani. Ukianza kueleza pete za sayari ya Zohali akiwa ameinama, yote yamempita. Eleza kwanza, ngoja ishara ziishe, mwache aangalie bila kumgusagusa bega, akiinua kichwa ndio muendelee na maswali yake. Hiyo inamaanisha anahitaji muda mrefu zaidi kwa foleni, kwa hivyo pangeni foleni mkijua hivyo, msianze kumharakisha.
– Wakalimani wawe wawili, wabadilishane kila dakika 20 mpaka 30. Mmoja peke yake usiku mzima atachoka na ishara zitaanza kupotea.
– Wapeni maneno mtakayotumia siku kadhaa kabla. Ishara za sayansi zingine hazijazoeleka, wanahitaji kukaa na viziwi wenyewe wakubaliane.
– Mtoto anayejua ishara kidogo ASIFANYWE mkalimani. Yeye amekuja kuona nyota.

HATUA YA 6. Asiyeona. Msimpe maelezo ya mdomo tu, mpeni kitu cha kushika. Mwezi tengeneza kwa unga wa ngano uliokandwa na chumvi, bonyeza mashimo, uache ukauke. Halafu umbali: chungwa la sentimita 8 ndio dunia, gololi ya sentimita 2 hivi ndio mwezi, na kamba ya katani kati yao ni mita 2.4. Mwache atembee na hiyo kamba mkononi. Hata wanaoona hushangaa, kwa sababu vitabuni mwezi umechorwa umebanana na dunia. Kwa kipimo hicho jua ni mpira wa karibu mita 9, uko karibu kilomita moja kutoka hapo.

HATUA YA 7. Ongea Kiswahili cha watu, na utumie maikrofoni hata kama unadhani una sauti.

MASWALI

Kev_Umoja: mkubwa hii yote ni kazi mob, si tuweke tu maandishi chini ya video tumalize?
— Soma hatua ya 5. Gizani kwa darubini hakuna video.

Kev_Umoja: na mkalimani hawezi kuja bure? ni ya watoto
— Hapana. Tenti mnalipia, spika mnalipia. Mlipeni, na muweke kwa bajeti kuanzia siku ya kwanza.

Achieng_K: Asante sana kwa hili somo. Nina binamu haoni, ameshika mfano wa mwezi akaupenda, sasa anauliza sayari ya Mshtarii iko aje. Nimpe nini?
— Dada hilo swali limenifurahisha. Chukua karatasi ya manila, chora duara na mistari ya mawingu kwa gundi ya mbao, iache ikauke ibaki imeinuka, mistari mingine inyunyizie mchanga ndio vidole vitofautishe. Pembeni weka shanga nne kwa mstari mmoja, hiyo ndiyo miezi minne aliyoiona Galileo 1610 na inaonekana hata kwa darubini ndogo. Usiku unaofuata zisogeze mahali zimefika, atafuata zikizunguka kama sisi. Na umwambie kuhusu Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico, ni mwanaastronomia asiyeona, anachunguza data za nyota kwa kuzigeuza sauti.

Mwalimu_wa_Dagoretti: Kupatwa kwa jua 2027 tutaona huku? Nina wanafunzi wawili wasioona.
— Tarehe 2 Agosti 2027, mwalimu. Huku ni kwa sehemu tu, mchana, penye giza kamili ni kama Luxor kule Misri. Kuna kifaa kinaitwa LightSound, kilitengenezwa kwa ajili ya kupatwa kwa 2017 kule Marekani na huyo Díaz-Merced alikuwa kwa kazi hiyo. Kinageuza mwanga kuwa sauti, jua likifunikwa sauti inabadilika. Maelezo ya kukiunda yako wazi, fundi wa elektroniki anaweza, anza mapema. Wanaoona wote miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2, miwani ya kawaida hapana kabisa.

Bi_Salma: Wanangu, msisahau wazee. Sisi Pwani tulifunzwa kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mpeni mzee kiti aeleze.
— Shikamoo mama, na nimeongeza hiyo kwa ratiba yangu leo leo. Kilimia kinaonekana hata bila darubini, kwa hivyo mzee asiyeweza kupanga foleni ataanza nacho akiwa amekaa.

Njoro_wa_Githurai: miezi gani mizuri Nairobi?
— Januari na Februari. Julai ni mawingu na baridi, watoto watatetemeka bure na hamtaona kitu. Hata hivyo beba ile mifano ya kushika, mawingu yakifunga mnaendelea nayo.

Kev_Umoja: sawa nimesoma hatua ya 5 yote. hizo tochi zimulike kutoka umbali gani?
— Kama mita mbili hivi, lakini mwambie kiziwi mmoja asimame mahali foleni itakuwa akuambie kama anaona vidole. Fanya hivyo jana yake usiku, si siku yenyewe.