Namna ya Kuitambua Dhana Isiyotamkwa katika Maswali ya Mantiki

Swali la aina hii hukupa hoja fupi, kisha hukuuliza ni dhana ipi ambayo mtoa hoja ameitegemea bila kuitamka. Anza kwa kulitafuta hitimisho, ambalo mara nyingi hufuata maneno kama "kwa hiyo" au "hivyo basi", kisha uzitenge sababu zilizotolewa kuliunga mkono.

Tuchukue mfano wa soko la samaki la Bagamoyo: "Leo mashua chache zimerudi kutoka baharini, kwa hiyo samaki watapungua sokoni." Sababu inazungumzia idadi ya mashua, ilhali hitimisho linazungumzia wingi wa samaki, na katika pengo hilo ndimo dhana ilimojificha: kwamba mashua hizo chache hazikubeba samaki wengi kiasi cha kufidia zile ambazo hazikurudi.

Ukishaipata dhana unayoishuku, ikanushe. Sema kwamba mashua hizo zimefurika samaki kiasi cha kuziba pengo lote. Hoja inaporomoka papo hapo, na hiyo ndiyo dalili kwamba dhana ilikuwa ya lazima. Lakini ukilikanusha chaguo lisemalo kwamba wanunuzi hupenda changu kuliko kibua, hoja inabaki imesimama. Liache, hata kama unajua kwa hakika kuwa ni kweli, kwani swali haliulizi ukweli wa jambo. Linauliza hoja inategemea nini, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, mtahiniwa makini huponzwa na ujuzi wake mwenyewe. Jihadhari pia na chaguo lenye "daima" au "wote", kwa kuwa mara nyingi hudai makubwa kuliko hoja inavyohitaji.