SOMO: Namna ya kusoma orodha ya machapisho ya mtafiti wa ubongo na dawa zake

Habari zenu wakuu. Daktari au mtafiti wa ubongo akitajwa, swali la kwanza huwa ana machapisho mangapi. Mimi naona tunauliza vibaya. Cha kuuliza ni alipima nini, na mgonjwa alipata nini. Tuchukue mfano wa karibu: jaribio la dawa ya degedege lililofanywa na Jane Crawley na wenzake huko Kilifi nchini Kenya.

Hatua ya 1: Mpate mtu mwenyewe. Ingia PubMed, tovuti ya kutafutia makala za tiba, ni bure. Andika jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina lake: Crawley J. Watakuja akina Crawley kibao, kwa hiyo ongeza neno Kilifi. Kwa watafiti wa sasa tafuta namba ya ORCID, ina tarakimu 16 na kila mtu ana yake.

Hatua ya 2: Angalia amekaa wapi kwenye safu ya majina. Kwenye tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Makala yetu ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2000: Jane Crawley wa kwanza, Kevin Marsh wa mwisho.

Hatua ya 3: Tenganisha aina. Barua kwa mhariri, taarifa ya mgonjwa mmoja na jaribio la dawa, kila moja huhesabika chapisho 1. Kwa habari za dawa, anza na majaribio ambayo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu.

Hatua ya 4: Soma kilichopimwa, na usiishie kwenye tokeo la kwanza. Hapa naomba mtulie. Watoto 340 waliopandwa na malaria kichwani waligawanywa nusu kwa nusu. Watoto 170 walichomwa sindano moja ya fenobabitoni (dawa ya kuzuia degedege) kwenye msuli, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. 170 wengine wakapewa sindano isiyo na dawa. Waliopata degedege mara 3 au zaidi walikuwa 18 upande wa dawa na 46 upande wa pili. Ukifunga ukurasa hapo utasema dawa imeshinda. Sasa shuka kwenye vifo: 30 upande wa dawa, 14 upande wa pili. Degedege lilipungua, vifo vikazidi mara mbili, na hatari ilikuwa kubwa hasa kwa waliopewa pia diazepamu (dawa nyingine ya kukata degedege) dozi 3 au zaidi. Watafiti walilisema hilo waziwazi na kukataa kuipendekeza dozi hiyo. Kwangu mimi, makala moja ya namna hiyo inamjengea mtafiti heshima kuliko makala kumi za kusifia dawa.

Hatua ya 5: Fedha, usajili, na kufutwa. Angalia nani alilipia. Majaribio ya kuanzia 2005 yanatakiwa yawe yamesajiliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa. Angalia pia kama makala imefutwa: ile ya 2006 kwenye jarida la Nature kuhusu protini na kupoteza kumbukumbu kwa panya ilifutwa 2024, baada ya kurejelewa mara nyingi mno.

MASWALI

*Mkuu, h-index ya 20 maana yake nini?*
Ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa na wengine angalau mara 20. Haisemi kama walimrejelea kwa kumkubali au kwa kumpinga. Na mkongwe humpita kijana kwa umri tu.

*Mwanangu ana kifafa na anameza fenobabitoni kila siku. Umenitisha, nimwachishe?*
Hapana dada, tafadhali usimwachishe. Jaribio lile lilihusu watoto mahututi waliopewa dozi kubwa kwa mkupuo. Dozi ya kila siku ya kifafa ni jambo jingine, na dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika. Mweleze daktari wake wasiwasi wako, dozi ibadilishwe na yeye.

*Nikibonyeza makala nadaiwa dola. Nafanyaje?*
Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala, ni bure, na kwa makala hii namba za vifo zimo humo humo. Ukitaka makala nzima, muulize mkutubi wa chuo au hospitali kama wana Hinari, mpango wa WHO unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe. Wengi hutuma nakala wakiombwa kwa adabu.