Jinsi ya kumfunza kiumbe wa kompyuta kuziba jeraha lake

Kiumbe wa kuigizwa ndani ya kompyuta hajiponyi kwa sababu tu anajua kukua. Kujiponya ni somo la peke yake, na anayeliruka anaweza kuambulia kiumbe anayesambaratika au kuvimba ovyo mara anapokatwa. Njia ninayoieleza hapa ilichapishwa na mtafiti Alexander Mordvintsev na wenzake mwaka 2020. Humjenga kiumbe kwa gridi ya seli, yaani miraba midogo kama nukta za picha, zinazofuata kanuni moja.

Ipe kila seli namba 16: tatu za rangi, moja ya uhai, na 12 zilizofichika, ambazo seli huzitumia kupashana habari. Seli iliyo hai ni ile ambayo yenyewe, au jirani yake yeyote, ina namba ya uhai inayozidi 0.1, nyingine zote zirudishe kwenye sifuri. Kanuni yenyewe ni mtandao mdogo wa neva wa kompyuta, wenye vigezo (namba zinazorekebishwa wakati wa mafunzo) takriban 8,000, unaosoma hali ya seli na ya majirani wake wanane kisha ukatoa badiliko. Katika kila hatua sasisha takriban nusu ya seli, kwa bahati nasibu, ili zisitegemee saa moja ya pamoja.

Mfunze kwanza akue kutoka seli moja hadi picha unayoitaka, kwa hatua kati ya 64 na 96.

Usimjeruhi bado. Tunza hifadhi ya viumbe 1,024, uchote kundi dogo, uliendeleze, kisha ulirudishe, huku yule mwenye kosa (tofauti kati yake na picha unayoitaka) kubwa kuliko wote ukimbadilisha kwa mbegu mpya, yaani seli moja ya kuanzia, ili ujuzi wa kukua usipotee. Kwa kuwa viumbe waliokwisha kukomaa hupimwa tena na tena, kanuni hujifunza kulidumisha umbo, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa kazi yote.

Sasa leta majeraha: katika kila kundi, wachukue watatu wenye kosa dogo zaidi na ufute duara mahali popote mwilini mwao. Futa namba zote 16, kwani ukifuta rangi pekee, zilizofichika zitabaki na kumbukumbu ya umbo, na utakuwa umepima kupaka rangi upya.

Mjaribu kwa mikato asiyoizoea, kama vile kuondoa nusu nzima, na umwache kwa hatua mia kadhaa. Akiziba jeraha lakini akaendelea kuvimba, punguza majeraha na uyarefushe mafunzo ya kudumisha umbo.