Jinsi ya Kukagua Bilauri Kongwe ya Kimarekani ya Kioo cha Kalibu

Kabla hujalipia bilauri inayosemekana kuwa ya karne ya 19, nawa mikono na uikaushe vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukaguzi hufanywa na vidole.

Kwanza, papasa ukuta wa ndani. Fundi alidondosha kioo cha moto katika kalibu ya chuma, kisha mchi wa mashine ukashuka na kukisukuma hadi kwenye nakshi. Ndiyo maana nakshi hubaki nje, na ndani palipopita mchi huwa laini. Ukihisi mabonde yanayofuata nakshi za nje, chombo hicho kilipulizwa kwa pumzi, hakikusukumwa na mchi.

Pili, tafuta mishono ya kalibu, yaani mistari iliyobaki vipande vya kalibu vilipokutana, lakini usiikatae bilauri kwa kuwa mshono hauonekani, kwani vyombo vingi vilirudishwa motoni ving'ae na mishono ikafifia.

Tatu, ishike kwenye kitako na uigonge ukingo kwa ukucha. Kioo chenye oksidi ya madini ya risasi, kama cha kiwanda cha Sandwich, Massachusetts, kilichoanza mwaka 1825, ni kizito na hulia kama kengele. Mwaka 1864 William Leighton wa kiwanda cha Hobbs, Brockunier mjini Wheeling alipata mchanganyiko wa soda na chokaa uliokuwa nafuu zaidi, na kioo chake hutoa mlio mfupi usio na mwangwi. Mlio mfupi, basi, si ushahidi wa ughushi.

Nne, geuza bilauri na ukague kitako kwa lenzi. Hapa usifanye haraka. Miaka mingi ya kusukumwa mezani huacha mikwaruzo myembamba inayokatizana ovyo, tena pale tu kitako kinapogusa meza. Mikwaruzo iliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa ni ya msasa uliotumiwa kuizeesha. Niliwahi kununua bilauri ya nakshi ya Westward Ho, iliyobuniwa na kiwanda cha Gillinder cha Philadelphia na kunakiliwa sana katika karne ya 20, nikiwa nimevutiwa na nyati na paa wake. Nyumbani nikaona kitako kisicho na hata mkwaruzo mmoja, na ukungu uliotiwa kwenye kioo kuwachora wanyama ulikuwa mweupe na mkavu kama chaki, ilhali wa asili huteleza kama hariri.

Mwisho, ioshe kwa maji ya uvuguvugu katika beseni lililotandikwa taulo. Utando mweupe usiotoka ni kioo chenyewe kilicholika, kwa hiyo usiusugue.