Unakula vizuri ila mwili haushiki? Jikague hivi kabla ya kukimbilia vidonge

Nianze na nyie mnaokula pemba. Ule udongo wa vipande unaouzwa sokoni, unautafuna kama biskuti halafu unajiambia ni mimba tu au mazoea, mara nyingi ni madini ya chuma yamepungua mwilini. Wengine wanatafuna barafu, mimi nilikuwa na mchele mbichi, yaani natembea nao kwenye pochi karibu mwaka mzima, mpaka dada mmoja wa maabara akanicheka akasema hebu kapime damu. Ikasoma 8, na mchicha nakula kila siku! Ndo nikajua kumbe kula ni kitu kimoja, na utumbo kukiingiza kile chakula kwenye damu ni kitu kingine kabisa.

Haya, simama kwenye mwanga wa jua, sio wa taa. Vuta kope la chini, ndani panatakiwa pawe pekundu, pakiwa peupe ujue damu ina shida, angalia na viganja pia. Kucha zikibonyea katikati kama kijiko, hiyo nayo ni chuma. Ila vile vidoadoa vyeupe vya kwenye kucha ambavyo kila mtu anasema ni kalsiamu, hapana jamani, mara nyingi uligonga ukucha mahali ukasahau. Toa ulimi: ukiwa laini umeng'aa kama umepigwa msasa na unauma ukila pilipili, fikiria upungufu wa vitamini B12, foleti au chuma. Midomo kuchanika pembeni inaweza kuwa B2 au chuma, inaweza pia kuwa fangasi tu, kwa hiyo dalili moja peke yake isikutishe.

Miguu ndo watu wanaipuuza. Ganzi, kuchomachoma, nyayo kuwaka moto usiku, hapo jiulize unatumia dawa gani. Metformin ya kisukari ukiimeza miaka inapunguza B12, omeprazole nayo ukiifanya chakula cha kila siku hivyo hivyo. Wa TB wanaomeza isoniazid wao inawaishia B6, ndo maana wanapewa na pyridoxine, usiiache kwa kuona ni kidonge cha ziada. Na kuna mtego hapa: ukiwa na upungufu wa B12 ukajinunulia foliki (foleti ya vidonge) peke yake, damu inaweza kupanda ukajiona umepona, kumbe mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimyakimya.

Mtoto akianza kujikwaa giza likiingia wakati mchana anaona vizuri, hiyo mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, usingoje, mpeleke kituo cha afya. Wale wa miezi 6 mpaka miaka 5 matone yao ni kila baada ya miezi 6.

Sasa choo, samahani kama unakula. Kikielea, kiking'aa mafuta, kinanuka kupita kawaida na hakishuki hata ukimwaga maji ndoo nzima, na uzito unapungua wakati unakula, basi mafuta ya chakula hayaingii mwilini. Yakipita hayo yanaondoka na vitamini A, D, E na K, ndo unaona mtu anapata michubuko bila kugongwa au mifupa inauma. Inaweza kuwa kongosho, nyongo, au vijidudu vya giardia kutoka kwenye maji, hili sio la kujitibu na kitunguu saumu. Minyoo ya safura yenyewe ni tofauti, inakunyonya damu kabisa, na inaingilia kwenye nyayo ukitembea peku.

Na kabla hujalaumu utumbo, angalia chai. Ugali na mchicha halafu kikombe cha chai ya rangi palepale, ile chai inashika chuma cha mboga kinapita hivihivi. Subiri kama saa moja hivi, mbogani kamulia ndimu au kula chungwa juu yake. Mimi hili ndo lilinishinda zaidi kuliko hata kuacha mchele.

Ukienda kupima omba wingi wa damu na ile wanayoandika FBP, yaani picha kamili ya damu, pamoja na choo kikubwa, na beba dawa zako zote waone. Mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni pungufu, mjamzito chini ya 11, mwanaume chini ya 13. FBP inaonyesha mpaka saizi ya chembe: zikiwa ndogo mara nyingi ni chuma, zikiwa kubwa wanaangalia B12 na foleti. Mwenye selimundu asijimezee chuma bila daktari.

Ukipewa vidonge vya chuma usivimeze na chai wala maziwa, choo kitakuwa cheusi usishtuke, lakini kikiwa cheusi kama lami na hujameza chuma chochote, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na uviweke juu kabisa, vinafanana na pipi na mtoto akivibugia vinaua.